Jina Moja, Mikono Mingi: Nyembe za Solingen

Mkusanyaji wa nyembe za kale za Kijerumani huanza na shingo. Kabla ya kujaribu makali, kabla hata ya kuukunjua wembe wote, jicho lake hutafuta ile sehemu nene iliyo kati ya bapa na mkia, ambapo kiwandani paligongwa muhuri. Hapo atakuta jina la kampuni, au picha ndogo: mti, pacha wawili, taji, panga zilizopishana. Chini yake, mara nyingi kuliko neno jingine lolote, atakuta Solingen. Wengi huishia hapo. Wanakariri majina, wanajua lipi lina bei na lipi halina, na sanduku linajaa.

Nataka nikushawishi usome zaidi ya hapo. Muhuri hukuambia nani aliuza wembe. Linaloweza kukuambia habari za aliyeufanyia kazi ni bapa lenyewe, na katika Solingen muuzaji na mfanyakazi walikuwa mara nyingi watu wawili tofauti, wenye maisha tofauti kabisa. Mtu akishalielewa hilo, hununua kwa namna nyingine na hutunza kwa namna nyingine.

Mji wa maji na feleji

Solingen iko magharibi mwa Ujerumani, katika nchi ya vilima iitwayo Bergisches Land, si mbali na Düsseldorf. Mto Wupper unapita kando yake kwa mikunjo mingi, na vijito vidogo hutelemka mabondeni kuufuata. Kwa mamia ya miaka maji hayo ndiyo yaliyozungusha mawe ya kunolea. Misitu ilitoa makaa, na madini ya chuma yalipatikana katika wilaya jirani. Panga zilitangulia, visu vikafuata, na nyembe zikaja mwishoni.

Mafundi walijipanga mapema katika vyama vilivyotambuliwa na watawala. Mwaka 1401 waliotia feleji ugumu na wanoaji walipata hati ya haki zao. Mwaka 1412 ilikuwa zamu ya waliozikamilisha panga na kuzitia mipini, na mwaka 1472 ya wahunzi wa panga. Watengeneza visu walipata yao mwaka 1571. Tazama mgawanyo huo: tangu mwanzo hapakuwa na fundi mmoja wa upanga mzima. Kila kundi lilishika hatua yake, likawarithisha watoto wake, na wanachama walikula kiapo cha kutoihama nchi na kutowafundisha wageni siri za kazi. Kiapo hakikuwazuia wote. Mnamo miaka ya 1680 kundi la mafundi wa panga kutoka Solingen lilihamia Shotley Bridge, kaskazini mwa Uingereza, na kuendelea na kazi huko.

Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1809, Wafaransa walipokuwa watawala wa eneo hilo. Sheria ilikwisha, mgawanyo wa kazi ukabaki. Wembe wa kunyolea ulipofikia enzi yake kuu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ulipita katika mikono ileile iliyogawana upanga.

Njia ya wembe

Kazi ilianza kwa kipande cha feleji yenye kaboni inayokaribia asilimia moja. Kilipashwa moto hadi kiwe chekundu, kikawekwa kwenye kalibu, na nyundo kubwa ikaangushwa juu yake. Ukitaka kuona nyundo za aina hiyo, ipo karakana ya Hendrichs huko Merscheid, ndani ya Solingen, iliyoanzishwa mwaka 1886 na kufungwa miaka mia moja baadaye. Sasa ni makumbusho, na mashine zake bado huwashwa. Karakana hiyo ilifua zaidi vipande vya mikasi, lakini kishindo ni kilekile.

Kilichotoka hapo kilikuwa na umbo la wembe bila kuwa wembe. Kilitobolewa tundu la ribiti, kikagongwa muhuri shingoni, kisha kikapelekwa kutiwa ugumu. Feleji ilipashwa hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi na kuchovywa ghafla kwenye mafuta. Ikitoka hapo huwa ngumu kama kioo na huvunjika kama kioo, kwa hiyo ilipashwa tena kwa moto mdogo, nyuzi 200 hivi, mpaka uso wake ugeuke rangi ya majani makavu. Aliyeisoma rangi hiyo kwa jicho lake alikuwa ameshika hatima ya wembe wote. Akizidisha, makali hayatakaa. Akipunguza, yatamegeka.

Baada ya hapo kipande kilitoka kiwandani. Hili ndilo jambo ambalo muhuri hausemi. Wanoaji wengi wa Solingen hawakuwa waajiriwa wa kampuni zilizogonga majina yao. Walifanya kazi katika vibanda vya kando ya mto, vinavyoitwa Kotten, na baadaye katika majumba makubwa ya mashine za mvuke, ambako mtu alikodi nafasi yake mbele ya jiwe. Walilipwa kwa dazani, kwa bei zilizopatanwa kati ya vyama vyao na wenye kampuni. Mnoaji yuleyule angeweza kufanya kazi ya kampuni hii wiki hii na ya kampuni ile wiki ijayo. Ndiyo maana wakati mwingine unashika nyembe mbili zenye majina mawili yaliyoshindana sokoni, na mkono ulioziumba unaonekana kuwa mmoja.

Na nani alibeba vipande hivyo kutoka kiwandani hadi mtoni na kuvirudisha? Wanawake. Waliitwa Liewerfrauen, na wengi walikuwa wake na binti za wanoaji. Walijitwika kichwani kikapu kilichojaa feleji, wakapanda na kushuka vilima vya Bergisches Land. Msomaji aliyekua akiona mama zetu wakirudi kutoka kisimani au shambani na mzigo kichwani hahitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo. Solingen imewajengea sanamu. Mkusanyaji anayejua tarehe za kampuni zote asiyewajua wanawake hawa amesoma nusu ya historia.

Kukomba bapa

Wembe wa zamani sana, hasa ule wa Sheffield, Uingereza, wa mwanzoni mwa karne ya 19, ukiukata kwa upana utaona umbo la kabari: mgongo mnene, pande mbili zilizonyooka, zikikutana kwenye makali. Ni wembe mzito, na kuunoa ni kazi, kwa sababu kila mara jiwe linakula chuma kingi. Wanoaji wa Solingen walijipatia sifa duniani kwa kwenda kinyume na hapo. Walilikomba bapa pande zote mbili, kama fundi wa mtumbwi anavyolikomba gogo, mpaka kati ya mgongo na makali pakabaki chuma chembamba sana.

Kanuni yake ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Bapa likishikizwa kwenye jiwe la mviringo, mkunjo wa jiwe unaingia kwenye feleji. Jiwe kubwa huacha bonde lisilo na kina, jiwe dogo huacha bonde lenye kina kirefu. Mnoaji alianza na mawe makubwa, akamalizia kwa madogo, na baadaye zikaja mashine zenye mawe mawili yanayokomba pande zote mbili kwa pamoja. Kadiri bapa linavyozidi kuwa jembamba ndivyo joto linavyozidi kuwa adui. Msuguano wa sekunde chache zaidi ya inavyopasa huugeuza ukingo kuwa wa bluu, na feleji iliyogeuka bluu imepoteza ugumu wake. Dazani nzima ya siku ingeweza kuharibika hivyo.

Chukua wembe mzuri wa Solingen wa upana wa 6/8, yaani robo tatu ya inchi, kwani nyembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Ushike karibu na dirisha, uuzungushe taratibu. Mwanga utashuka kutoka mgongoni, utapita kwenye bonde la kwanza, kisha karibu na theluthi ya mwisho utakatika na kuanza upya. Hapo pana tuta jembamba, halionekani ila kwa mwanga, linalokwenda sambamba na makali tangu kisigino hadi ncha. Mnoaji aliliacha kwa makusudi. Bila tuta hilo, ukingo mwembamba kiasi hicho ungeyumba mbele ya ndevu ngumu. Likiwepo, bapa linanyumbuka bila kuyumba. Angalia kama tuta limenyooka, kama lina upana uleule mwanzo na mwisho, kama pande mbili zinalingana. Hiyo ndiyo sahihi ya mnoaji. Hakuwa na nyingine.

Kisha ligonge bapa kidogo kwa ukucha. Lililokombwa kikamilifu hulia, na mlio huo husikika pia linapopita shavuni. Wajerumani huuita wembe wa namna hiyo wembe uimbao.

Mgongo nao una kazi yake. Wakati wa kunoa, wembe hulazwa juu ya jiwe ukigusa kwa mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua pembe ya makali, kwa kawaida kati ya nyuzi 15 na 18. Mnyoaji hahitaji kukisia. Hesabu imekwisha kufanywa ndani ya chuma na watu waliofanya kazi kwa vidole na macho.

Kazi hiyo iliwagharimu. Mawe ya mchanga yakisuguana na feleji hutoa vumbi laini, na vumbi hilo likikaa kwenye mapafu halitoki. Wanoaji wengi walikufa mapema kwa maradhi ya kifua. Jiwe lenye ufa ambao haukuonekana lingeweza kupasuka likiwa katika mwendo na kumuua aliyekaa mbele yake. Mashine za kufyonza vumbi na mawe ya kutengenezwa viwandani vilipunguza maafa hayo, lakini baada ya vizazi vingi kupita.

Majina, wizi wa majina, na sheria

Kwa nini basi jina liliheshimiwa hivyo? Kwa sababu lilikuwa mali. Tarehe 13 Juni 1731 Peter Henckels aliandikisha alama ya pacha wawili kwenye chama cha watengeneza visu wa Solingen, na alama hiyo, Zwilling, ingali ikitumika. Kampuni ya Böker, iliyoanzishwa Solingen mwaka 1869, ilitumia picha ya mti. Picha ilimfaa mnunuzi aliye mbali, asiyesoma Kijerumani au asiyesoma kabisa: aliomba wembe wa mti, akapewa wembe wa mti.

Lakini katikati ya karne ya 19 jina lililotawala soko lilikuwa Sheffield, na baadhi ya wafanyabiashara wa Solingen waligonga jina la Sheffield, au majina ya kampuni zake, kwenye bidhaa za bei nafuu. Watu wa Sheffield walilalamika mpaka Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1887. Tangu hapo bidhaa ya kigeni iliyobeba jina au alama ya Kiingereza ilipaswa kutaja ilikotoka, na hivyo maneno Made in Germany yakaanza kuenea. Yalikusudiwa kuwa onyo. Muda si mrefu yakawa sifa, kwa sababu wembe mwepesi uliokombwa wa Solingen ulikuwa umekwisha kuwavutia wanunuzi wa Uingereza kwa ubora.

Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, iliagiza kila bidhaa ya kigeni igongwe jina la nchi yake kuanzia mwaka 1891. Kwa mkusanyaji hii ni zawadi. Wembe wenye neno Germany shingoni, kwa kawaida, ulitengenezwa kwa ajili ya soko la nje baada ya sheria hizo. Usigeuze kanuni hiyo, hata hivyo: wembe usio na neno hilo unaweza kuwa wa zamani zaidi, au ulikuwa wa kuuzwa Ujerumani kwenyewe, ambako halikuhitajika. Mwaka 1938 jina la Solingen lenyewe lilipewa ulinzi wa sheria, na kanuni mpya ya mwaka 1994 ikaendeleza ulinzi huo: hatua kuu za kutengeneza bidhaa lazima zifanyike ndani ya eneo la Solingen ndipo jina liruhusiwe. Kidokezo kingine cha umri ni neno Friodur kwenye wembe wa Henckels: linaonyesha feleji isiyoshika kutu, iliyotiwa ugumu kwa baridi kali, mbinu ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji

Solingen iliinyoa Sheffield, na zamu yake haikuwa mbali. Huko Boston, King Camp Gillette alianzisha kampuni mwaka 1901 ili auze kishikio chenye wembe mwembamba wa kutupwa. Mwaka 1903 aliuza vishikio 51. Mwaka uliofuata, ambao pia alipata hataza yake, aliuza zaidi ya 90,000. Vita Kuu ya Kwanza ikamalizia: serikali ya Marekani iliwapa askari wake vishikio milioni 3.5 vya Gillette, na vijana hao walirudi makwao wakiwa wamekwisha kuzoea kunyoa bila kujua kunoa.

Viwanda vingi vya Solingen vilitia maji kweli. Viligeukia nyembe za kutupwa na vishikio vyake, na mji ukaendelea kula kwa chuma. Lakini mnoaji wa wembe wa kukunja hakuwa na pa kwenda na ujuzi wake. Vikaja vita vingine, na mashambulizi ya ndege ya tarehe 4 na 5 Novemba 1944 yakauangamiza mji wa kale. Baada ya vita mashine za umeme za kunyolea ziliingia majumbani. Wateja wa mwisho walikuwa vinyozi, na ulipoingia UKIMWI katika miaka ya 1980, hofu ya kuchangia wembe iliwafikia wa Ulaya kama ilivyowafikia wa Dar es Salaam na Nairobi. Wembe wa kubadilisha kwa kila mteja ukawa wa lazima sehemu nyingi. Leo kampuni chache za Solingen, ikiwemo Böker, ndizo zinazoendelea kutengeneza wembe wa kukunja, na wanaojua kuukomba ni wachache.

Unaponunua, unapotunza

Haya yote yanabadilisha namna ya kuchagua. Jina kubwa kwenye bapa lililoliwa ni chuma chakavu. Jina dogo lisilojulikana kwenye bapa zima lililokombwa vizuri ni hazina, na kwa kawaida ni rahisi.

Tazama mgongo kwanza. Ukiwa na sehemu pana iliyosuguliwa bapa na kung'aa, wembe umenolewa mno, na pembe ile iliyopangwa na mnoaji imekwisha kuharibika. Tazama makali kwa upande: yanapaswa kunyooka au kuvimba kidogo nje. Yakiingia ndani katikati, mtu alinoa vibaya kwa miaka mingi. Kutu nyekundu ya juu husafika, lakini vishimo vyeusi karibu na makali havina dawa, kwa sababu jiwe likivifikia, makali yatamegeka. Pitisha ukucha taratibu kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, sehemu kwa sehemu, ukitafuta ufa. Wembe wenye ufa usiutumie kamwe.

Halafu mpini. Vibao vyake vilikuwa vya pembe ya ng'ombe, mpingo, ganda la lulu, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mara nyingi sana vya seluloidi. Ujihadhari na seluloidi. Ikizeeka huanza kuoza yenyewe na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo huila feleji iliyo karibu. Ukiona bapa lina kutu sehemu ile tu inayolala ndani ya mpini, na mpini wenyewe una nyufa ndogo au harufu kali, utenge wembe huo mara moja. Mmoja ukiachwa ndani ya sanduku lililofungwa huharibu majirani zake.

Mipini ya pembe za ndovu inamgusa msomaji wa Kiswahili kwa karibu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe duniani, na kampuni za Hamburg kama O'Swald na Hansing zilifanya biashara mjini humo. Pembe zilizobebwa na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo zilivushwa bahari zikawa vitufe vya piano, mipira ya biliadi, mipini ya visu na ya nyembe. Wapagazi hao nao ni sehemu ya mikono isiyotajwa shingoni. Tangu nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, kununua au kusafirisha mpini wa aina hiyo, hata wa kale, kunatawaliwa na sheria kali. Mimi sinunui kabisa, na nakushauri vivyo hivyo.

Anayeishi pwani, iwe Mombasa, Tanga au Muscat, ana adui wa ziada: hewa ya chumvi. Futa wembe ukauke kabisa, upake mafuta mepesi yasiyochacha, na usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Weka ndani ya sanduku vifuko vya kunyonya unyevu na uvibadilishe.

La mwisho ndilo ninaloliona kubwa. Andika. Wakusanyaji wengi huandika jina la kampuni, mwaka wa kukisia na bei waliyolipa. Ongeza jinsi bapa lilivyokombwa: kina cha mabonde, mahali tuta lilipo, kama pande zinalingana, kama wembe unalia na kwa sauti gani. Piga picha bapa likiwa na mwanga wa ubavu. Linganisha nyembe za majina tofauti, utafute mikono inayofanana. Historia ya kampuni imehifadhiwa vya kutosha katika hati na matangazo, na Makumbusho ya Mabapa ya Ujerumani huko Gräfrath, ndani ya Solingen, yana mengi ya kukuonyesha. Historia ya mnoaji aliyelipwa kwa dazani kwa kiasi kikubwa imebaki ndani ya feleji yenyewe, na kila wembe unaosuguliwa hovyo kwa mashine ili ung'ae dukani unafuta ukurasa wake. Anayekusanya kwa kusoma bapa anafanya kazi ambayo muhuri haukuwahi kuifanya: anamrudishia fundi sifa ya kazi yake.